Leseni ya Chumba cha Maharusi

Malika binti Abdelrahim alikuwa na miaka arobaini na mbili, na kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwapamba maharusi katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake, Makina, Kibera. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya udongo uliopigwa plasta, na nyuma yake palikuwa na ua mdogo ambapo mama yake, Bi Batul, alianika bizari na nguo. Hapakuwa na bango mlangoni. Aliyemtaka Malika aliulizia msikitini au kwa muuza mandazi, akaelekezwa.

Wanawake walikuja wakasuguliwa singo ya bizari na liwa mwili mzima, wakafukizwa udi, kisha wakatulia juu ya mkeka mikono imenyooshwa huku Malika akiwachora hina kuanzia vidole hadi viwikoni. Kazi ya namna hiyo haifanyiki dukani. Bibi harusi lazima avue nguo, na hakuna atakayevua nguo mahali ambapo mpita njia anaweza kuchungulia. Ndiyo maana Malika hakuwahi kufikiria kukodi kibanda, na ndiyo maana hakuwahi kufikiria leseni. Kwake ile ilikuwa nyumba, na wageni walikuwa wageni, hata kama walilipa.

Alikuwa na rafiki wa kazi, Nelima, Mbukusu aliyekuja Nairobi akiwa msichana na ambaye watu walimwita Mama Elvis. Nelima alikuwa msusi. Alikaa Kawangware, katika vyumba viwili vya kupanga kwenye ploti ya mama mmoja aitwaye Wangoi, akasukia wateja chumba cha mbele na kulala cha nyuma. Bibi harusi wa Malika akitaka kusukwa, alipelekwa kwa Nelima. Wa Nelima akitaka hina, Malika alifunga vifaa vyake mkobani akamfuata huko.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane ndivyo ilivyokuwa. Malika alifika Kawangware saa nne asubuhi. Bibi harusi alikuwa amekaa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Wateja wengine wawili walingoja nje kwenye korido, juu ya ndoo zilizofunikwa. Malika alitundika mkoba wake kwenye draya ya kukaushia nywele, akachukua bakuli na unga wa hina, akaingia chumba cha nyuma kukoroga. Vyumba viwili hivyo vilitenganishwa na pazia tu.

Alikuwa bado anakoroga aliposikia viatu vizito koridoni.

Hakusikia kelele. Hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye, kwamba walikuja taratibu. Sauti ya mwanamume ilisalimia, ikasema wao ni askari wa kaunti, ikauliza leseni ya biashara. Nelima akasema hii ni nyumba yake. Sauti ikajibu kwamba majirani wamelalamika: wateja wanaziba njia, maji ya kuoshea nywele yanamwagwa mlangoni mwa watu. Ikauliza tena leseni. Nelima hakuwa nayo.

Kisha yule mtu akauliza, "Uko na nani mwingine anafanya kazi hapa?"

Malika alisimama nyuma ya pazia, bakuli kifuani. Alijua kwamba hapo ndipo pa kutoka, aseme niko hapa, sisi ni wawili. Miguu haikusogea.

"Niko peke yangu," Nelima akasema.

Walibeba viti vitatu, draya na beseni la kuoshea nywele. Nelima aliwaomba wamwachie draya, wakamwambia atajieleza ofisini. Malika alisikia nyayo zake zikiondoka pamoja na zao, na lori likiwashwa barabarani. Alipotoka, bibi harusi alikuwa amekaa sakafuni analia, ameshika ile nusu ya kichwa isiyosukwa. Malika aliweka bakuli mezani, akapita mlango wa nyuma wa ploti, akaanza kutembea.

Alitembea Barabara ya Naivasha yote, hadi akatokea Ngong Road. Hakupanda gari, kwa sababu aliona kama kila aliyeketi dirishani alikuwa akimtazama. Alikuwa anakaribia Soko la Toi alipopeleka mkono begani kutafuta mkanda wa mkoba. Mkoba haukuwepo. Ulikuwa umetundikwa kwenye draya, na draya ilikuwa ndani ya lori, na ndani ya mkoba mlikuwa na kitambulisho chake.

Pale pale alisimama, watu wakampita kushoto na kulia.

Mtu mwingine akipoteza kitambulisho, hukasirika, akaenda kuandikisha kingine. Malika alikuwa Mnubi wa Makina, wa jamii ambayo serikali iliwahesabu wageni hata waliozaliwa hapo. Alipotimiza miaka kumi na minane alihojiwa mara tatu, akaulizwa babu yake alizaliwa wapi na nani atathibitisha, akangoja karibu miaka miwili kabla hajapewa ile kadi. Na sasa kadi hiyo, yenye sura yake na jina lake na mahali anapotoka, ilikuwa mikononi mwa watu waliotaka kujua nani mwingine anafanya kazi bila leseni.

Nyumbani alimwambia mama yake kwamba mkoba umeibwa. Usingizi haukuja. Ijumaa asubuhi alikuwa na bibi harusi wa Mashimoni, amempaka singo kutoka shingoni hadi miguuni, mlango ulipogongwa. Malika alimziba msichana yule mdomo kwa kiganja chenye singo. Walikaa hivyo, msichana kwanza akitaka kucheka, halafu akiona macho ya Malika na kuanza kuogopa naye. Mlango uligongwa tena. Kisha wakasikia sauti ya jirani akimwambia Bi Batul kwamba amerudisha sufuria.

Alimmaliza msichana yule kwa haraka, na mistari ya hina ikatoka minene isivyopasa. Wateja wa Jumamosi aliwapigia simu akawaambia ni mgonjwa. Alificha chetezo chini ya kitanda, akafungua madirisha ili harufu ya udi itoke, akaona haitoki, kwa sababu ilikuwa imeingia kwenye kuta miaka mingi. Mchana wote alikaa ndani akisikiliza njia. Alijifunza kutambua viatu: vya raba vya wanafunzi, kandambili za wauza maji, na vile vizito ambavyo vikipita alishika pumzi hadi vitoweke.

Hakumpigia Nelima. Alilitafuta jina lake kwenye simu mara nyingi, akalitazama, akazima.

Jumapili Bi Batul alimkalisha chini akamtaka aseme. Malika akasema kuhusu lori na kitambulisho, lakini hakusema kuhusu pazia. Mama yake alisikiliza akizungusha tasbihi. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na tatu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alimkumbusha kile alichokuwa akimwambia tangu utotoni: kwamba yeye Batul alipokuwa msichana, walikuja watu na daftari, wakauliza kila nyumba nani anaishi na kwa kibali gani, na waliojibu vizuri ndio waliobomolewa mwanzo.

"Karatasi ikishajua mlango wako, haisahau," akasema. "Hicho kitambulisho, kiache. Useme kimepotea."

Jumatatu saa nne Nelima alikuja mwenyewe.

Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, macho yamevimba. Malika alimkaribisha, akaleta chai, akakaa mbali kidogo. Nelima alisimulia bila kupandisha sauti: alilala kituoni usiku mmoja, Ijumaa akafikishwa kortini, kaka yake Wanzala akamlipia faini. Vitu vyake viko ofisini na atavipata. Mkoba ulipoonekana, aliulizwa ni wa nani, akasema ni wa mteja ambaye alikuwa ameenda zake.

"Ahsante, Mama Elvis," Malika akasema.

Nelima alikizungusha kikombe mkononi. "Niliona miguu yako," akasema. "Pazia ni fupi. Hata yule askari angeangalia chini angeiona. Ndio nikasimama mbele yake."

Malika akasema, "Nilikuwa nimeogopa."

"Hata mimi nilikuwa nimeogopa. Lakini mimi sikuwa na pazia."

Malika hakulia, alihisi kulia kungekuwa kumwomba Nelima ambembeleze. Nelima alipomaliza chai alisema amekuja kwa jambo moja. Kesho anaenda kuchukua vitu vyake na kuuliza leseni inapatikanaje, na hataki kwenda peke yake. Malika atachukua kitambulisho chake siku hiyo hiyo. Kama hataki, aseme sasa.

Malika akasema atakuja.

Kesho yake asubuhi alivaa buibui lake jeusi la heshima, akalivua, akavaa la kawaida, akihofia kuonekana mtu mwenye mali. Ofisini walikalishwa kwenye benchi pamoja na wauza mayai na mafundi viatu. Kila jina lilipoitwa Malika alishtuka, hata lilipokuwa la mwanamume. Alihesabu milango ya kutokea: ulikuwa mmoja tu, na askari alikuwa ameketi hapo akisoma gazeti.

Ofisa aliyewapokea aliitwa Dedan, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Ile sauti ya upole haikumpoza Malika, maana wale wa Kawangware nao walikuwa wapole. Dedan aliangalia risiti ya faini ya Nelima, akaandika, akaagiza vitu viletwe. Kisha akatoa kitambulisho kwenye droo, akakitazama, akamtazama Malika.

"Hii ni yako? Ilikuwa kwa vitu vya saluni. Ulikuwa umeenda kusukwa?"

Ilikuwa rahisi. Angesema ndiyo, angepewa kadi, na mambo yangeishia hapo. Nelima alikuwa ameshamtengenezea njia. Nelima mwenyewe aliangalia dirishani, hakumgeukia.

"Hapana," Malika akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Mimi huchora hina. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Mlipokuja, nilijificha."

Dedan aliweka kalamu chini. Malika alishusha mikono yake mapajani. Akangoja aitiwe yule askari wa gazeti.

Dedan alimuuliza tu kazi hiyo huifanyia wapi siku nyingine. Malika akasema Makina, kwake. Akaulizwa huja watu wangapi kwa siku, akasema. Ndipo ofisa akawaelezea wote wawili, kama mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi. Kufanyia kazi nyumbani si kosa kwenyewe, alisema. Anachotaka yeye ni mambo matatu: leseni iwepo, nyumba ibaki nyumba ya kuishi, na majirani wasiteseke. Mwenye jengo lazima akubali kwa maandishi, halafu mkaguzi aje aone chumba kinafaa kupokea watu au hakifai.

Nelima akasema amekwisha kumwomba Wangoi barua hiyo, na Wangoi amekataa. Anaogopa wakaguzi wakija kuona saluni wataangalia na ngazi, na vyoo, na ghorofa aliyoongeza bila kibali. Tena amemwambia Nelima akionekana anasuka tena pale, ahame.

"Basi hapo siwezi kukusaidia," Dedan akasema. Akamgeukia Malika, akasukuma kitambulisho mezani. "Na wewe, Makina si upande wangu. Ukitaka, nenda ofisi ya kwenu. Usipotaka, mimi leo sijaandika kitu."

Walitoka nje na mkoba wa Malika, draya, beseni na viti vitatu, kimoja kimevunjika mguu. Nelima alisimama kando ya vitu vyake kwenye jua kama mtu aliyehamishwa. Hakuwa na mahali pa kuvipeleka ila chumbani alikokatazwa kusukia. Malika alishika kitambulisho chake ndani ya kiganja hadi kingo zikamwumiza.

"Tuvipeleke Makina," akasema.

"Ndio waje watubebe wote wawili?"

"Nitatafuta hiyo leseni."

Nelima akaenda kutafuta mkokoteni. Hakusema ahsante, na Malika hakuitarajia.

Siku tatu Bi Batul hakuzungumza naye. Alipika, akala, akaswali, akapita kando ya viti vya saluni vilivyopangwa uani kama anapita kando ya jeneza. Fomu ilikuwa mezani. Iliuliza kila kitu ambacho familia ile ilikuwa imekwepa kuulizwa kwa vizazi: ploti ipi, mwenye nyumba nani, anaishi hapo kwa haki gani. Ardhi ya Makina iko chini ya hati moja ya jamii, kwa hiyo wazee wa kamati walimwandikia Malika barua ya kumtambua. Iliyobaki ilikuwa sahihi ya mwenye nyumba, na tangu baba yake Malika afe, nyumba ilikuwa ya Batul.

Malika mwenyewe hakuwa na uhakika. Mara mbili alikunja ile fomu aichome kwenye jiko. Akilala aliona watu wenye daftari wamejaa uani, na mama yake amekaa juu ya godoro barabarani. Akajiuliza ni haki gani anayo ya kumweka mama mzee hatarini ili yeye aponye aibu yake.

Siku ya nne aliketi miguuni pa mama yake akamwambia sehemu aliyoificha. Alimwambia kuhusu pazia, swali la askari, na jibu la Nelima.

Bi Batul aliacha tasbihi. "Alisema yuko peke yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Na alikuwa anajua uko hapo."

"Alikuwa anaiona miguu yangu."

Mzee alitazama uani, kwenye viti. Alikaa hivyo hadi adhana ya alasiri ikaisha. Halafu akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasa, polepole, akisukuma kalamu kama anayepalilia. "Wakinibomolea," akasema, "utanibeba mgongoni."

Mkaguzi alikuja Jumatano ya wiki iliyofuata, bila kutoa taarifa. Malika alikuwa na bibi harusi mkekani, mwili mzima singo. Alisikia viatu vizito, akajua si vya muuza maji. Safari hii alitoka. Alifungua mlango mwenyewe, mikono ya njano hadi viwikoni, akamkuta mwanamke mrefu mwenye faili na utepe wa kupimia. Alijitambulisha kuwa anaitwa Magdaline.

"Kuna mtu ndani, hajavaa," Malika akasema.

Magdaline akasema atangoja. Bi Batul alimwekea kigoda uani lakini hakumpa chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mgeni yeyote katika nyumba ile. Bibi harusi alipokwisha kujisitiri, mkaguzi aliingia, akapima chumba na mlango. Aliuliza moshi wa udi unatokea wapi, maji ya kuoshea nywele yatamwagwa wapi, wateja wakizidi watakaa wapi. Aliuliza moto ukishika watu watatokea wapi. Malika akaonyesha mlango wa nyuma. Ulikuwa umezibwa na kabati la vyombo vya Bi Batul.

Magdaline aliandika kwa muda mrefu sana. Malika alifuata kalamu ile kwa macho, akijaribu kusoma maneno kinyumenyume. Aliona neno moja tu, "hatari".

Hatari yenyewe ilikuwa kabati. Liondolewe, Magdaline alisema, na dirisha lipanuliwe. Wateja wasizidi watatu kwa wakati mmoja, asikae mtu kichochoroni, na maji yapelekwe kwenye mtaro wenye kifuniko. Akitimiza hayo, yeye ataandika kwamba chumba kinafaa. Uamuzi si wake, alisema, atapeleka tu ripoti. Akaaga, akaondoka.

Zilipita wiki tano. Katika wiki hizo Malika alikonda hadi watu wakamuuliza kama ana sukari. Fundi alipanua dirisha. Kabati la vyombo lilihamishiwa chumba cha Bi Batul, naye akalalamika kwamba sasa analala na masufuria. Nelima alikuja kila siku, akapanga viti, akavifuta vumbi, akarudi Kawangware bila kusuka mtu, kwa sababu Malika alikataa kabisa mteja aguswe kabla karatasi haijatoka. Waliongea mambo ya kawaida: shule ya Elvis, bei ya nywele za kusukia, mafua. Mambo ya pazia hawakuyataja tena, na kulikuwa na nyakati ambapo Malika alitamani Nelima angemtukana tu ayamalize.

Leseni ilitoka Ijumaa. Malika aliisoma akiwa amesimama njiani nje ya ofisi, akatafuta mahali ambapo wangekuwa wamemtega, hakupapata. Jumatatu Nelima alisuka mteja wake wa kwanza Makina. Ukutani leseni haikudumu: Bi Batul aliitoa jioni ile ile, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na vyeti vya marehemu mumewe. Malika akarudisha ukutani nakala tu, akaacha ile halisi ibaki na mama yake.

Hofu haikwisha kwa siku moja, na labda haitakwisha. Mpaka leo mlango ukigongwa Malika huinua mkono kutoka kwenye ngozi ya bibi harusi, akangoja asikie ni nani, ndipo aendelee. Bi Batul naye amehamishia kigoda chake mlangoni, na huwahoji wanaokuja kwa ukali. Mwezi uliopita alimfukuza mama mmoja aliyekuwa ameleta binti yake kutoka Kangemi, kwa sababu alikuwa amebeba faili. Nelima aliacha kichwa cha mtu nusu, akamkimbilia hadi karibu na msikiti kumwomba arudi.

Leseni inatakiwa kufanywa upya kila mwaka. Januari ilipofika Malika alivaa asubuhi na mapema buibui lake la heshima, lile alilolivua siku ya benchi, na Nelima akafunga chumba wakaenda ofisini wote wawili.